Manjano au ginkgo kwa mzee anayesahau?

Wilayani Hai, jirani na Moshi, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi wakakuta asilimia 6.4 wana demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofanya mtu apoteze kumbukumbu. Ukiulizia "dawa ya ubongo" mjini, utaelekezwa kwenye manjano ya unga soko la Mbuyuni, au vidonge vya ginkgo (majani ya mti wa China) duka la dawa.

Manjano yana kurkumini, ile rangi isiyotoka kwenye kucha wala mwiko. Maabarani hushikana na mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer (aina kuu ya demensia), na kutuliza uvimbe unaoumiza seli za ubongo. Panya nao walionyesha dalili njema. Shida ni tumboni: hufyonzwa kidogo mno, na ini huiondoa upesi. Pilipili manga husaidia ipite (wapishi wa pilau walishajipatia hilo bure). Hata hivyo, majaribio madogo kwa wagonjwa wa Alzheimer hayakuleta nafuu ya kueleweka.

Ginkgo ilipimwa kwa upana zaidi. Marekani, watu 3,069 wa miaka 75 na kuendelea walipewa miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge bandia, kwa takriban miaka 6. Majibu yalitoka 2008: haikuzuia demensia. Tena ni ghali, na kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda inaweza kumletea kuvuja damu.

Mimi nachukua manjano, ila yaende kwenye mchuzi. Hela ya ginkgo ningeipeleka kwenye dawa za presha, kwani presha ya juu nayo huumiza ubongo.