Kuku nyota tano, karatasi ya mvinyo nyota moja

Nianze na chakula, maana hoteli hii ya hapa Tabora mjini inastahili. Kuku wa kienyeji kaiva hadi mfupani bila kukauka, ugali umesongwa ukakubali, kachumbari imekatwa muda huohuo. Huduma ya polepole, ila ya heshima.

Shida ni karatasi ya mvinyo. Mwekundu wa Dodoma, shilingi 12,000 glasi, umeandikwa hivi: "Wenye haiba na tafakuri, unaofunguka taratibu kwa tumbaku, ngozi ya kale na simulizi za msitu."

Sasa mimi nimekulia Urambo. Nyumbani tulikuwa na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na msimu ukifika watoto tuliketi na wakubwa kuchambua majani kwa madaraja. Ukiniambia tumbaku, nitakuuliza ipi. Jani bichi linanata, na ukali wake unabaki vidoleni hata unawe kwa sabuni. Ya mvuke, inayokaushwa kwa hewa ya moto bila moshi, ikitoka banini inanukia utamu, kama nyasi kavu zilizodondoshewa asali. Ile ya moshi ya Ruvuma ukiifungua robota inakukohoza.

Nikamuuliza mhudumu: "Mdogo wangu, hii tumbaku ni ya mvuke au ya moshi?"

Akatabasamu. "Dada, hiyo karatasi tuliletewa tu. Ila wateja wanaipenda."

Nikanusa, nikazungusha glasi, nikanusa tena. Tumbaku hakuna. Ngozi hakuna. Kulikuwa na zambarau zilizoiva kupita kiasi, uchachu kidogo, na ule ukakasi wa ganda la zambarau unaobaki kwenye ulimi. Mvinyo mzuri kabisa! Wangeandika hivyo, Tabora nzima ingeelewa.

Wala sisemi harufu za mvinyo ni za kubuni. Vanila inayotajwa mara nyingi hutoka kwenye mbao za mapipa ya mwaloni. Hoho inayonukia kwenye mvinyo wa zabibu nyekundu za Cabernet Sauvignon ni kemikali ileile iliyomo kwenye hoho ya sokoni. Mtafiti Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo, mchoro wa duara wenye majina ya harufu, mwaka 1984 ili watu wataje vitu ambavyo mwingine anaweza kwenda kuvinusa mwenyewe. Haiba utainusa wapi?

Hata wasomi wa fani hii huponzwa. Utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wanafunzi 54 wa mvinyo glasi ya mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalishaamua kabla ya pua. Na karatasi yenye laminesheni, naona, inaamua kabla ya macho.

Ninachotaka kukiona pale ni kifupi: mkavu au mtamu, ukakasi mwingi au kidogo, zabibu gani (kama ni Makutupora, zabibu ya hukohuko Dodoma, semeni kwa fahari), kilevi asilimia ngapi, na chupa imefunguliwa lini. Hilo la mwisho ndilo la pesa yangu, kwa sababu mvinyo uliokaa wazi siku kadhaa huharibika, haiba au bila haiba.

Mkienda mwezi wa kumi, ombeni chupa ikae kwenye friji robo saa kwanza. Wanauleta na joto la chumba, na chumba cha Tabora mnakijua.