Meli za kitalii za Uingereza au za Marekani: ipi ununue kwa likizo yako

Anayelinganisha kampuni za meli za kitalii za Uingereza na za Marekani hugundua mapema kwamba jina na bendera havimwambii mengi. P&O Cruises na Cunard, ambazo wasafiri wengi huziona kuwa za Kiingereza kabisa, zimo katika himaya ya Carnival ya Florida, iliyoinunua Cunard mwaka 1998 na kuungana na P&O Princess mwaka 2003. Hata hivyo tofauti ipo, tena inamgusa mnunuzi mfukoni: iko katika bandari ya kuondokea, katika namna bili inavyokusanyika, katika desturi za melini na katika sheria itakayotumika mambo yakiharibika. Msimamo wangu ni kwamba anayeishi Uingereza na kusafiri kwa mara ya kwanza ananufaika zaidi na kampuni ya Uingereza, kwa kuwa bei anayoiona siku ya kukata tiketi haiko mbali na ile atakayoilipa mwishoni. Familia yenye watoto waliochangamka na viza ya Marekani mkononi itapata burudani kubwa zaidi kwa Wamarekani, mradi hesabu yote imepigwa kabla ya kulipa.

Hesabu hiyo inaanza na bahashishi. Kampuni kubwa za Marekani hutoza bahashishi ya kila siku, ambayo kwa chumba cha kawaida huwa kati ya dola 16 na 20 kwa kila msafiri, na watoto pia huhesabiwa, isipokuwa wadogo sana katika baadhi ya kampuni. Tukichukua dola 18, familia ya watu wanne kwa usiku saba italipa dola 504 juu ya nauli, kabla hata ya kuagiza soda. Kila kinywaji kinachonunuliwa baa nacho huongezewa ada ya huduma ya asilimia 18 hadi 20. P&O Cruises iliondoa bahashishi ya kila siku mwaka 2019 na kuiingiza katika nauli, na bei za vinywaji vyake zimeandikwa kwa pauni bila nyongeza. Ndiyo maana tangazo la meli ya Kimarekani linaloonekana kuwa rahisi kwa pauni mia moja au mia mbili linaweza kugeuka kuwa ghali kufikia asubuhi ya kushuka, pale karatasi ya bili inapopenyezwa chini ya mlango au kuonekana kwenye simu.

Kuna jambo la vinywaji ambalo miongozo mingi ya Kizungu hulipita haraka, ilhali kwa wasomaji wetu lina uzito. Marella na Saga, zote za Uingereza, huuza safari ambayo pombe imo ndani ya bei. Asiyekunywa, awe Mwislamu, Msabato au mlokole, analipia kaunta asiyoigusa, na ni vyema alitambue hilo anapolinganisha bei zao na za wengine. Kwa upande wa Marekani, Carnival na Royal Caribbean zina kanuni kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanatakiwa wakinunue. Ndugu wawili wanaochanga chumba, mmoja mnywaji na mwingine si mnywaji, wazungumze kabla ya kubofya kitufe cha kulipia. Chakula cha halali hupatikana kwa kampuni kadhaa za pande zote mbili, lakini kwa maombi ya mapema. Usikubali jibu la mdomo la wakala, pata uthibitisho wa maandishi wiki kadhaa kabla ya safari.

Jambo la pili la kupima kabla ya kutazama picha za mabwawa ya kuogelea ni viza. Mtanzania, Mkenya au Mkongomani anayepanda meli Miami anahitaji viza ya Marekani, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli hutoka kwenda Bahamas au Mexico kisha hurejea Miami. Ushauri unaosambaa kwamba safari inayoanzia na kuishia bandari moja ya Marekani haihitaji pasipoti unawahusu raia wa Marekani tu. Safari za Alaska zinazotoka Seattle hugusa Kanada, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani pekee. Hivyo viza ya Kanada inaingia katika hesabu. Kwa upande wa Southampton, mwenye kibali cha kuishi Uingereza lakini pasipoti ya Afrika Mashariki bado anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa Norwei, Hispania au Ureno, na ratiba inayotoka Hispania kwenda Morocco na kurudi Hispania inadai viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kampuni ya meli haitakutafutia njia: karatasi zisipotimia, unabaki gatini na nauli kwa kawaida hairudi.

Baada ya hayo, nafasi ya kwanza naipa P&O Cruises, hasa meli zake mbili kubwa, Iona ya mwaka 2021 na Arvia ya mwaka 2022, ambazo kila moja hubeba abiria wapatao 5,200. Iona hufanya safari za usiku saba kwenda Norwei wakati wa kiangazi kutoka Southampton, na kwa aliyeko London, Reading au Birmingham hakuna ndege wala kikomo cha kilo za mizigo; unafika na gari, unakabidhi masanduku, unayakuta mlangoni pa chumba. Chumbani kuna birika la umeme, majani ya chai na soketi ya pini tatu, vitu vidogo ambavyo mtu aliyezoea chai ya asubuhi huviona vikubwa siku ya pili tu ya safari. Meli nyingi za Kimarekani hazina birika chumbani, na chai ya maziwa iliyochemka vizuri ni bahati. Kasoro ya P&O ni kwamba burudani yake imelenga ucheshi na muziki wa Uingereza, na wakati wa likizo za shule foleni ya mkahawa wa kujihudumia huwa ndefu. Wasiotaka kelele za watoto wachukue Arcadia au Aurora, zinazopokea watu wazima pekee. Tahadhari moja: safari ya Mediterania kutoka Southampton hupita Ghuba ya Biscay kwenda na kurudi, na kipindi cha baridi bahari ya huko haimwonei mtu huruma.

Nafasi ya pili ni Royal Caribbean, na kwa familia yenye vijana na viza tayari ingeweza kuwa ya kwanza. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Miami mwaka 2024, ina tani 248,663 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Ina mabwawa saba, mitelezo sita ya maji, barafu ya kuteleza na kisiwa cha faragha cha CocoCay katika ratiba. Mtoto wa miaka kumi na mbili hatakumbuka kuuliza mnafika bandari gani. Wazazi ndio watakaoona kwamba bei ya meli mpya haina aibu, kwamba sehemu ya mitelezo ya kisiwani hulipiwa pembeni, na kwamba intaneti, mikahawa maalumu na picha ni biashara kamili ndani ya meli. Meli za zamani zaidi za kampuni hiyohiyo hutoa karibu starehe ileile kwa nauli ndogo, nami ningeanza na hizo. Asiye na viza ya Marekani asikate tamaa, kwani kampuni kadhaa za Kimarekani, Royal Caribbean na Princess zikiwemo, huleta meli Southampton wakati wa kiangazi. Hesabu ya melini hubaki ya dola, lakini safari inaanzia na kuishia Uingereza.

Ya tatu ni Cunard, na hapo naizungumzia meli moja tu, Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004. Ndiyo meli pekee inayofanya safari za ratiba kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku saba, ikiwa na maktaba kubwa, jumba la kutazamia nyota na hata vibanda vya mbwa. Ukielekea magharibi saa hurudishwa nyuma kidogo kidogo hadi zitimie saa tano, hivyo siku kadhaa zinakuwa na saa 25 na usingizi unatosha. Ukielekea mashariki saa hizohizo unanyang'anywa. Anayechagua upande mmoja achague magharibi. Usidanganywe na sura yake ya Kiingereza: bili ya Cunard ni ya dola, bahashishi ya kila siku ipo, na mkahawa unaokulia unategemea daraja la chumba ulicholipia, mfumo ambao baadhi ya watu huuona wa kifahari na wengine wa kibaguzi. Kuna usiku wa mavazi rasmi, na suti nyeusi si lazima kwa kila mtu, kwa sababu vazi rasmi la kitaifa linakubalika. Kanzu safi yenye koti na kofia ya kiua haitakuwa ngeni katika ukumbi ule.

Kwa wazee wetu walioko Uingereza, Fred. Olsen inashika nafasi ya nne. Meli zake tatu, Bolette, Borealis na Balmoral, hazizidi abiria 1,400 kila moja, huondoka pia Liverpool na Newcastle, na kwa udogo wao huingia maeneo ambayo majitu ya watu elfu tano hayafiki. Jioni ni tulivu mno, kijana atachoka. Saga ni ghali zaidi na hupokea walio na miaka 50 au zaidi, lakini nauli hujumuisha gari la kukuchukua nyumbani kwa umbali uliowekwa, bima na bahashishi, na vyumba vyote vina roshani. Mtoto anayetaka kumzawadia mama safari bila kumsumbua na mizigo na treni aitazame kwanza hiyo, hata kama jumla ya bei itamshtua.

Marella naiweka ya tano, na faida yake kubwa ni kwamba ndege imo katika kifurushi: unaruka kutoka Manchester au Gatwick, unapandia meli Mediterania au Karibi, na Ghuba ya Biscay huioni kabisa. Meli zake nyingi zilifanya kazi kwa wengine kabla ya kuja kwake, na hilo linaonekana.

Carnival na Norwegian, ambayo nayo ni ya Marekani licha ya jina lake, zinafuata. Carnival hufaa kwa safari fupi za siku tatu hadi tano. Anayeishi Houston au Dallas huendesha gari hadi Galveston na kurudi bila kugusa uwanja wa ndege, na kwa bei hiyo kelele za sitaha ya bwawa zinavumilika. Norwegian ina sababu mbili nzuri za kuichagua: vyumba vya msafiri wa peke yake, ilivyovianzisha katika Norwegian Epic mwaka 2010 ili mtu mmoja asilipishwe nauli ya wawili, na Pride of America, meli kubwa yenye bendera ya Marekani inayozunguka visiwa vya Hawaii bila kulazimika kwenda nchi nyingine.

Lililobaki ni mahali pa kununulia. Safari ya kifurushi iliyonunuliwa Uingereza inalindwa na kanuni za mwaka 2018, zinazompa mteja haki ya kurejeshewa fedha mwandaaji akifilisika au akibadilisha safari kwa kiasi kikubwa. Ikiwa na ndege, dai cheti cha ATOL, mpango wa Uingereza unaolinda fedha za wanaonunua safari zenye ndege. Tiketi ya Kimarekani ni mkataba mrefu wenye vifungu vinavyombana msafiri. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Carnival dhidi ya Shute, kwamba abiria aliyeumia baharini karibu na Mexico alilazimika kushtaki Florida ingawa alikuwa anaishi jimbo la Washington, kwa kuwa tiketi ilisema hivyo. Muda wa kufungua kesi ya majeraha mara nyingi ni mwaka mmoja tu, na notisi hutakiwa ndani ya miezi sita. Bima ya safari yenye matibabu na kuhamishwa mgonjwa inunuliwe siku ileile ya kulipa amana, kwani daktari wa meli hutoza ada binafsi hata kwa aliyezoea kutibiwa bure Uingereza, na helikopta ya kumtoa mgonjwa katikati ya bahari inaweza kugharimu zaidi ya nauli za ukoo mzima.