Tairi la meno 3.00-17 na tyubu nene: uzoefu wangu, Mtwara hadi Liwale na kurudi

Mwezi wa nane tulitoka Mtwara mjini pikipiki sita, bila gari la kutufuata nyuma. Yalikuwa mashindano yetu wenyewe ya masafa marefu: Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, Masasi, kisha Nachingwea, Liwale, tutokee Nangurukuru na kurudi nyumbani kwa kupitia Lindi. Ni zaidi ya kilomita 800, karibu nusu lami na nusu vumbi. Kinachotisha ni kipande cha Liwale hadi Nangurukuru, kilomita 230, ambako duka la spea si kitu cha kukitegemea.

Mimi naendesha Boxer BM 150. Wenzangu wawili walikuja na Honda XL 125 wakanicheka sana pale mwanzo. Haya, XL mbele ina rimu ya inchi 21 na nyuma 18, maana yake ubebe tyubu za aina mbili. Boxer ni 17 mbele na nyuma: 2.75 mbele, 3.00 nyuma. Tyubu moja ya akiba inakutosha kote. Hata ya mbele ukiitia nyuma inavutika, inakufikisha kwa fundi.

Nilipotafuta tairi la nyuma kabla ya safari, muuzaji wa kwanza alinitolea linalong'aa utadhani limepakwa mafuta ya nazi. Nikaligeuza ubavuni nikatafuta zile tarakimu nne zinazofunga mstari wa DOT, ile namba ya utambulisho wa tairi: 3117. Wiki ya 31, mwaka 2017. Nikalikunja, vinyufa vikajitokeza kwenye mashina ya meno. "Kaka, hili halijatembea hata siku moja," akaniambia. Kweli halijatembea, limezeeka likiwa limekaa. Nikaaga.

Duka la pili nikapata lenye 1923, meno mapana, limeandikwa 6PR. Hiyo 6PR usidhani ni tabaka sita za kuhesabu kwa kidole. Inakuambia ubavu una ugumu wa kubeba mzigo kiasi gani. Nililipa shilingi 68,000, na tyubu nene mbili kwa 12,000 kila moja. Moja nikaifunga, nyingine akiba.

Wale wa pikipiki wa Dakar Rally, mashindano makubwa ya jangwani, hawana habari na upepo. Ndani ya tairi wanatia sponji nzito inayoitwa mousse, haina cha kutoboka. Na lipo kundi lao linalokimbia bila fundi, kila mmoja na sanduku la lita 80 la vifaa vyake. Sanduku langu lilikuwa dumu la lita 20 la mafuta ya kula, nimelikata shingo na kulifunga nyuma kwa vipande vya tyubu kuukuu. Humo niliweka tyubu, vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka na gundi, plagi, waya wa klachi, loki mbili za cheni ya 428, spoku sita na pampu ya mkono. Vya injini na umeme sikuvigusa mpaka tunarudi.

Hadi Masasi hakuna la kusimulia zaidi ya mtetemo, maana tairi la meno kwenye lami linaimba. Baada ya Nachingwea mchanga ukazidi, nikapunguza upepo wa nyuma kutoka psi 28 hadi 18. Hapo ndipo tairi liliponilipa. Lilitanuka, likashika, pikipiki ikaacha kucheza kiuno. Tulilala Liwale nikiwa nalisifia tu.

Asubuhi njia ikageuka kokoto na mawe, nami nimesahau kurudisha upepo. Hatujafika Miguruwe nikagonga jiwe, nyuma kukalegea. Kuibandua tyubu, matundu mawili yamekaa sambamba kama alama ya nyoka: rimu iliibana juu ya jiwe. Tairi lenyewe halina hata mchubuko. Nikavuta ile ya akiba kwa kujiamini, nikaipuliza, nayo inavuja! Kilomita zaidi ya 400 ilikuwa inasuguana na ncha za vyuma ndani ya dumu.

Mzee mmoja akasimamisha baiskeli yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa mpira na vyuma umevilaza kitanda kimoja, ulitarajia nini?"

Akaokota jiwe lenye makali, akakwaruza mpira mpaka ukapauka, akapaka gundi, akaiacha ikauke huku akinisimulia habari za tembo wanaoingia mashambani. Mimi ningebandika hapohapo. Kiraka chake ndicho kilichonifikisha Mtwara. Siku hizi tyubu ya akiba naipaka poda ya mtoto, naivika soksi na kuifunga mbali na spana.

Nati ya valvu nayo sikuibana kwenye rimu. Niliipandisha hadi kwenye kifuniko. Upepo ukiwa mdogo tairi huteleza na kuivuta tyubu, na valvu ikianza kulala unaiona mapema. Mwenzangu mmoja aliikaza sana, ya kwake ikachanika shingoni, na hapo kiraka hakishiki.

Lililokula tairi hasa ni lami. Kutoka Nangurukuru hadi Lindi jua la mchana liliyalainisha meno ya katikati, na tulipofika nyumbani robo yake imeondoka, ilhali ya pembeni ni kama mapya. Hapo nakata nyota moja. Tairi nne kati ya tano. Tyubu naipa tano, maana kosa lilikuwa langu.

Nimeshanunua jingine la saizi ileile, la 2024. Hili la zamani yuko nalo shemeji Nanyamba, anabebea korosho.