Bampa la porini kwa Hilux ya zamani: la dukani au la fundi?

Wakuu, mwenye Hilux 4x4 ya kabla ya 2005 ana njia mbili, aagize bampa lililo tayari kama ARB la Australia au apeleke gari kwa fundi wa kuchomelea pale Gerezani, Dar. La ARB linakuja na breketi zake, unafungua la zamani unafunga kwenye matundu yaleyale ya chesisi, na kama gari ina eabegi usibahatishe kabisa, chukua hilo. Shida bei, na ushuru juu yake.

La fundi nafuu sana na anakutengenezea unavyotaka, sehemu ya winchi, taa, ndoano ya kuvutia, ila simama hapohapo uangalie kazi, asichomelee kwenye chesisi hata kidogo, bolti tu, na betri ichomolewe kabla hajawasha mashine. Yote mazito jamani, kilo 50 kawaida, pua inalala, kwa zile za toshenba (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi za mbele) kaza bolti zake kidogo pua inyanyuke, halafu peleka alaimenti.

Mimi gari isiyo na eabegi naenda kwa fundi.