Dreamliner Tunaishangilia, Lakini Hii Ndege ya Mizigo ya ATCL Jamani!

Kabla sijamsalimia mtu, tazama hapa mezani. Hili ni sinia la pilau, lile kubwa la shughuli. Ndani nimemwaga gololi 120. Pembeni kuna mfuko wa unga wa kilo 25 umekaa juu ya ubao. Usiondoke, maana vitu hivi vitatu ndivyo vitakavyokueleza kwa nini ndege ninayoipenda kuliko zote za Air Tanzania ni ile ambayo hutaikatia tiketi maisha yako yote.

Haya, sasa salamu. Habari zenu wapendwa, mlioko Dar, Mwanza, Mombasa, Muscat, na wewe uliyetuandikia kwamba unatutazama ukiwa zamu ya usiku huko Minneapolis. Tumekuona. Kama ni mgeni hapa, jiandikishe na ubonyeze kengele, kwa sababu tumehama siku. Zamani tulikuwa Ijumaa, sasa ni Jumatano saa 2 usiku.

Leo ni ndege za mwili mpana za ATCL, yaani Air Tanzania yetu. Mwili mpana maana yake ndani kuna njia mbili za kupita badala ya moja. Kwa hiyo Airbus A220 leo haimo, Boeing 737 MAX 9 haimo, na zile Bombardier za mapanga ndiyo kabisa. Zinabaki nne. Dreamliner tatu, yaani Boeing 787-8: ya kwanza ilitua Julai 2018, ya pili Oktoba 2019, ya tatu Agosti 2024. Ya nne ni ya mizigo, Boeing 767-300F, iliyopokelewa na Rais Samia Suluhu Hassan pale uwanja wa Julius Nyerere tarehe 3 Juni 2023.

Dreamliner mnaijua. Viti 262, vya daraja la biashara 22 na vya kawaida 240, sina haja ya kuwasomea karatasi. Nitasema mawili tu. La kwanza ni hewa. Ndege nyingi za zamani zikiwa angani, hewa ya ndani inakuwa nyepesi kama umepanda mlima hadi mita 2,400 hivi, unakaribia nyanda za juu za Kitulo. Dreamliner inakushusha hadi kama mita 1,800, juu kidogo ya Mbeya mjini. Inawezekana kwa sababu karibu nusu ya uzito wa ndege ile ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, si bati. Haziogopi unyevu kama bati, wala hazichoki haraka kwa kuvimba na kusinyaa. Ndiyo maana ukishuka Guangzhou, China, kichwa hakikupigi kama zamani. Mama yangu ana presha, na hilo kwetu si jambo dogo.

La pili ni madirisha, na hapa nakasirika kweli. Madirisha ya Dreamliner ni makubwa, mazuri, hayana kile kifuniko cha kushusha. Una kitufe: unabonyeza, kioo kinageuka bluu polepole mpaka kinakuwa giza. Sawa. Lakini mhudumu naye ana kitufe chake, na chake kinashinda chako! Nimewahi kukaa dirishani kwenye Dreamliner ya shirika moja, silitaji. Nimechagua kiti kwa makusudi nipige picha mawingu, mara madirisha yote yakafanywa giza na kufungwa, saa nne mfululizo, mchana kweupe. Na giza lenyewe si giza kamili, jua likikuelekea bado unaliona duara lake linakutumbulia. Huwezi kulala vizuri na huwezi kuona nje. Kile kifuniko cha plastiki cha zamani kilikuwa na heshima kwa abiria, ulikuwa unaamua mwenyewe.

Basi, tuiache. Twende kwenye mapenzi yangu.

767-300F. Najua maoni yatakuja, yamekuja hata kwenye video iliyopita: "767 ni ndege ya mwaka 1982, kwa nini tununue cha kizamani?" Ndugu yangu, umbo ni la zamani, ndege ni mpya. Ilitoka kiwandani Marekani ikiwa mpya, haikuvuliwa viti vya abiria na kutobolewa mlango ukubwani. Toleo la mizigo lilianza kazi kwa UPS, wale Wamarekani wa kusafirisha vifurushi, mwaka 1995, na limezoeleka duniani mpaka vipuri na mafundi si shida. Samaki haulizi ndege imebuniwa lini. Samaki anauliza baridi na saa.

Sasa sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo.

Mfuko wa kilo 25 juu ya ubao, ubao juu ya meza kavu. Nasukuma kwa kidole kimoja. Umeona? Hauendi. Kidole kinapinda, mfuko umekaa. Sasa nauhamishia kwenye sinia, juu ya gololi. Kidole kilekile. Angalia! Umekwenda. Naurudisha. Nausukuma pembeni, unakwenda pembeni. Naushika kona, nauzungusha, unazunguka kama sahani. Kilo 25, kidole kimoja.

Hiyo ndiyo sakafu ya ndege ya mizigo, pale mlangoni. Tofauti ni kwamba gololi zangu hapa zinakimbia ovyo, kule kila gololi ni ya chuma na imekaa kwenye kikombe chake, inazunguka papo hapo bila kutoka. Mlango wa sitaha kuu, ile sakafu ya juu ambayo kwenye ndege nyingine wanakaa abiria, ni mpana kama mita 3.4 na urefu wa kwenda juu kama mita 2.6. Paleti inapandishwa na mtambo hadi usawa wa mlango. Paleti ni bamba la alumini la mita 2.24 kwa 3.18, mzigo umefungwa juu yake kwa wavu, tani kadhaa. Inaingia kwa ubavu. Ikifika juu ya gololi, lazima igeuzwe ielekee mkiani au puani, na inageuzwa hivi, kama nilivyougeuza unga. Baada ya hapo inakutana na rola, mistari ya rola mpaka mwisho wa ndege, inateleza hadi mahali pake. Halafu, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi, kuna makufuli yaliyolala sakafuni. Unayainua kwa mguu, yanaiuma paleti ukingoni. Ngoja niweke kijiti hapa... na hapa. Sasa sukuma. Haiendi tena. Sakafu ileile iliyokuwa inateleza imekuwa mwamba.

Na isipokuwa mwamba, watu wanakufa. Mzigo ukiachia ndege inaponyanyuka, ukakimbilia mkiani, mizani ya ndege inaharibika na rubani hana la kufanya. Kwa hiyo yule kijana anayepita na tochi kukagua kufuli moja moja ni mtu mkubwa sana kwenye safari ile. Nataka siku moja nimlete hapa aongee.

Paleti 24 sitaha ya juu, na tumbo la chini nalo linabeba. Jumla hadi tani 54. Chukua fuso la tani 10, panga matano, bado kuna mzigo umebaki chini.

Mtu atasema, mbona Dreamliner nayo ina tumbo? Kweli, na hapa lazima niirudie Dreamliner kwa haki, nilikuwa nimeikasirikia. Tumbo la 787-8 linaingiza makontena madogo 28. Safari ya Guangzhou ile, juu wamekaa wafanyabiashara wa Kariakoo, chini kuna mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Lakini tumbo lina dari. Kitu kikizidi kama mita 1.6 kwenda juu, hakiingii. Pampu kubwa ya mgodini haiingii. Kwenye sitaha kuu ya 767 unapanga mzigo hadi karibu mita 2.4.

Na ya mizigo inasubiri mzigo, haisubiri abiria. Hili ndilo linalonigusa. Kwa miaka mingi maua na mbogamboga za Arusha na Kilimanjaro zimepakiwa kwenye malori, zikavuka Namanga, zikapanda ndege Nairobi. Tunalima sisi, ndege inaruka kwa jirani. Minofu ya sangara kutoka Mwanza, parachichi za Njombe, nyama, vyote vinataka ndege inayoondoka kwa saa ya bidhaa. Shangazi yangu anauza vitambaa Kariakoo, mzigo wake kwa meli unamfikia baada ya mwezi na zaidi, mtindo umeshapita na deni linatembea. Akisikia "ndege ya mizigo" haoni anasa, anaona mtaji unaozunguka mara tatu badala ya mara moja.

Sasa kasoro, maana nisiseme mazuri tu. Ikijaa kabisa, ndege hii inakwenda kama kilomita 6,000. Dar hadi Dubai ni karibu 4,000, inakwenda kifua mbele. Dar hadi Guangzhou ni zaidi ya 8,500. Hapo ama upunguze mzigo, ama utue njiani ujaze mafuta. Kutua ni pesa. Na ipo moja tu. Ikiingia karakana, biashara nzima ya ndege kamili ya mizigo inaingia karakana.

Majirani je? Ethiopian ana 777 za mizigo zinazobeba zaidi ya tani 100, huyo tumwache, yuko darasa lake. Kenya Airways mizigo wanatumia 737, ndogo kuliko yetu, ila Dreamliner wanazo nyingi kuliko sisi na tangu 2018 wanaruka Nairobi hadi New York bila kutua. Uganda wana Airbus A330-800 mbili, ndege adimu sana duniani, na wameweka daraja la kati lenye viti 28 ambalo mimi nalitamani ATCL waliige hata kesho. RwandAir wana A330 tangu 2016.

Na mkitaka kujua ndege hii ina umuhimu gani, kumbukeni Januari 2024. Air Tanzania walitaka kubeba mizigo kutoka Nairobi kuipeleka nchi ya tatu, Kenya ikakataa. Tarehe 15 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikatangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar. Watu wakashika vichwa, kisha mazungumzo yakafanyika na mambo yakaisha ndani ya siku chache. Chanzo ni hii hapa, ndege isiyo na hata dirisha la abiria.

Bei. Mmeniuliza sana. Kwenye orodha ya bei ya Boeing ya 2019, 787-8 ilikuwa dola milioni 248.3, na 767-300F milioni 220.3. Ukipiga dola kwa shilingi 2,500, Dreamliner ni bilioni 620. Mashirika hupata punguzo kubwa, kwa hiyo msiichukue kama risiti.

Ningependa tununue ya pili, na nasema hivyo nikijua saa inakimbia. Oktoba 2024 Boeing walitangaza kwamba 767 ya mizigo ya kibiashara wataacha kuitengeneza 2027, wakishamaliza oda walizonazo. Baada ya hapo utatafuta iliyotumika, au ya abiria iliyogeuzwa.

Jumatano ijayo tunaingia ndani ya ile A330-800 ya Uganda, nitaanzia kwenye hilo daraja la kati. Kama unafanya kazi ya upakiaji uwanja wowote, Dar, Entebbe, Kigali, andika kwenye maoni umewahi kugeuza paleti ya tani ngapi, mkiwa wangapi. Nitayasoma yote. Gololi hizi ni za mpwa wangu, nilimwahidi zitarudi kabla ya Magharibi, na naona moja imeingia chini ya kabati.