Malai ya Cornwall kwa tumbo lisilopatana na laktosi: cha kununua na cha kuacha

Asubuhi ya Idi iliyopita niliepua mahamri kutoka kwenye karai, ya moto, yamefura vizuri, iliki inanukia mpaka kwenye ngazi za jirani. La kwanza nikampa mama mkwe. Nililipasua katikati nikatia kijiko cha krimu niliyoagiza mtandaoni kwa ajili yake hasa, maana maziwa humvuruga tumbo tangu ujana wake. Kabla hajalifikisha mdomoni, krimu ilishageuka maji. Ingeyeyuka kuwa mafuta ningeelewa, lakini yalitoka majimaji meupe, yakaloweka hamri na kumtiririkia mpaka kwenye mkono wa dera. Juu ya hamri kikabaki kitu mfano wa uji wa wanga uliopoa. Alikula lote na akaniambia, "Ahsante, mwanangu." Mimi nilikwenda jikoni, nikakichukua kile kikopo na kusoma maandishi madogo ya nyuma, jambo nililotakiwa kulifanya kabla ya kulipa.

Maji. Mafuta ya nazi. Mafuta ya rapa. Wanga. Karagini. Rangi. Maziwa hayamo hata tone. Kwa mbele wameandika kwa herufi kubwa kwamba haina laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, nami nikalipa pauni saba na senti zake, na pauni tano za kuletewa mlangoni. Kitu kisicho na maziwa kitakosaje kuwa bila laktosi? Hata maji ya bomba hayana.

Tangu niliposimulia kisa hicho nimeletewa malalamiko ya namna hiyo hiyo na dada zangu wa Leicester, Milton Keynes na London, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Kitu ambacho Waingereza wa Devon na Cornwall wanakiita clotted cream, sisi wa pwani tunakijua kwa jina la malai: ule utando mnene unaoganda juu ya maziwa yakichemshwa taratibu na kuachwa yapoe. Mamangu alikuwa akiyachemsha maziwa ya jioni kwenye sufuria pana, na asubuhi anaondoa malai kwa kijiko, anayapaka kwenye mkate na kunyunyiza sukari. Walioko Maskati na Dubai wanayo geshta yao, ndugu wa karibu kabisa. Ya Cornwall hupashwa moto mdogo kwa saa nyingi ndani ya vyombo vya kina kifupi mpaka juu iote gome la manjano. Hapa Uingereza, kopo lenye jina hilo lazima liwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 55. Krimu iitwayo double ni 48, ya kupiga povu ni 35, na single ni 18. Zishike namba hizo nne, zitakufaa zaidi ya sifa zote zilizoandikwa kwenye vifuniko.

Watu wakinunua krimu huangalia bei, tarehe na neno "lactose free", basi. Mimi sasa naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: ikikutana na mkate wa moto, itafanya nini? Nalisisitiza hili kwa sababu sijaona mwongozo unaoligusa. Krimu yenye mafuta 55 kwa mia hulainika kama siagi, inang'aa, na mkate unainywa polepole. Iliyozitishwa kwa wanga na gundi imekamata maji tu, na joto likiilegeza, maji yanajitokea. Karagini yenyewe, kwa taarifa yako, inatokana na mwani, ule ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwaka 1989. Sina ugomvi na mwani wao. Ugomvi wangu ni na anayeuchanganya na maji kisha akaniuzia kwa bei ya malai.

Basi huu ndio mpangilio wangu, nikianza na ninachokipenda.

Nambari moja ni Rodda's, na sifichi kwamba naipendelea. Ni watu wa Scorrier, karibu na Redruth kule Cornwall, na wanaifanya kazi hii tangu 1890. Utaniuliza: hiyo si krimu ya kawaida, yenye laktosi? Ndiyo, inayo. Lakini hebu tupige hesabu ambayo wauzaji hawataki tuipige. Laktosi ni sukari, na sukari hukaa kwenye maji ya maziwa, haikai kwenye mafuta. Mafuta yakijaa, maji yanapungua, na laktosi inapungua pamoja nayo. Maziwa ya kawaida yana karibu gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100. Krimu hii ina takriban gramu 2 kwa gramu 100, na hakuna anayekula gramu 100 kwa mkao mmoja. Kijiko kimoja kizuri cha gramu 30 hakifikishi hata gramu moja ya laktosi. Wataalamu wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya walieleza mwaka 2010 kwamba wengi wenye tatizo hili huvumilia mpaka gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe kizima cha maziwa, bila dalili au kwa dalili ndogo. Wengi, si wote. Wewe ndiye unayelijua tumbo lako.

Kwa hiyo mama mkwe sasa anakula Rodda's, na pembeni ana vidonge vya laktesi, kile kimeng'enya kinachoivunja laktosi, ambavyo vinauzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari. Anakimeza kidonge pamoja na tonge la kwanza. Akikisahau akakimeza baada ya chai, hakimsaidii kitu. Kopo dogo la Rodda's ni gramu 113, kubwa ni 227. Ndani kuna maziwa tu, hakuna wanga wala gundi, na juu lina gome ambalo likivunjwa kwa kijiko linatoa sauti ndogo kama ukoko. Kwenye hamri la moto halijawahi kuniaibisha.

Nambari mbili ni kujitengenezea, na hii nawapa wale ambao hata nusu gramu inawalaza. Nunua krimu ya double iliyo fresh, si ya boksi inayokaa rafuni nje ya friji, wala si ile iliyoandikwa "extra thick". Hizo zimeshapashwa joto kali au kuvurugwa kwa mashine, na mafuta yake hayapandi juu kuganda inavyotakiwa. Kisha nunua laktesi ya matone. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanatia matone na papo hapo chombo kinaingia kwenye oveni. Kimeng'enya hakipendi moto, kinakufa kabla hakijafanya kazi, na laktosi inabaki vile vile. Tia matone kwa kipimo cha kwenye chupa, koroga taratibu, weka kwenye friji saa 24. Siku ya pili ndipo uimimine kwenye bakuli la kina kifupi, oveni nyuzi 80, saa 12 hivi. Usikoroge wala usitikise. Ikitoka iache ipoe yenyewe, halafu iingie friji usiku kucha.

Jambo moja nililijua baada ya kuunguza pembe za bakuli langu. Laktosi ikivunjwa inakuwa glukosi na galaktosi, na sukari hizo mbili hukolea rangi haraka kuliko laktosi yenyewe. Gome la krimu yako litakuwa kahawia kabla ya wakati, kwa hiyo punguza nyuzi chache na uanze kuchungulia ikishakaa ovenini saa tisa. Vile vile itakuwa tamu kidogo kuliko ya dukani, ingawa hujatia sukari. Usishtuke, ndivyo ilivyo hata kwa maziwa yasiyo na laktosi. Yale majimaji yatakayobaki chini ya bakuli usiyamwage, kandia unga wa skonzi.

Nambari tatu ni krimu ya Arla Lactofree. Hii ni maziwa ya ng'ombe kweli, imeondolewa laktosi, na kampuni inaheshimika. Lakini ni krimu nyepesi ya kumimina, hivyo usiinunue ukidhani itasimama juu ya skonzi. Mahali pake ni ndani ya chakula: mchuzi wa kuku mzito, supu ya maboga, viazi vya kuponda, tambi za maziwa. Nashauri uitie mwishoni moto ukiwa mdogo, na kama kuna nyanya au ndimu, zipike zilainike kwanza. Krimu yenye mafuta machache hukatika haraka ikikutana na uchachu. Rodda's kwenye mchuzi huo huo haikatiki, kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuirudia.

Nambari nne ni zile za mimea, za nazi, za shayiri na kadhalika. Kama una mzio wa maziwa wenyewe, siyo laktosi tu, basi hizi ndizo zako peke yake, na zote nilizotaja juu ziache kabisa, hata zile "lactose free". Tafadhali sana mambo haya mawili msiyachanganye, hasa kwa watoto: mwenye mzio anadhuriwa na protini za maziwa, na protini hizo zimo zote kwenye maziwa yaliyoondolewa laktosi. Kwa wengine tulioko hapa, tui zito la nazi la kwenye kopo, likilazwa friji usiku kucha na kuenguliwa juu, linashinda nyingi kati ya hizi za kwenye vikopo vya urembo.

Za bei rahisi kabisa, za masokoni na za mwisho wa rafu, nilizijaribu mbili. Zote ni wanga. Endelea na safari yako.

Sasa niseme la rohoni kuhusu wauzaji. Hapa sheria inalilinda neno cream. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilithibitisha mwaka 2017, kwenye kesi ya TofuTown, kwamba kitu cha mimea hakiruhusiwi kuuzwa kwa majina ya maziwa kama cream au butter, isipokuwa machache yaliyozoeleka kama coconut milk, yaani tui la nazi, na Uingereza bado inaifuata kanuni hiyo. Kwa hiyo ukiona kikopo kinazungukazunguka, kinasema "clotted" kisha neno la ajabu ajabu, au "mbadala wa", ujue neno lililokosekana limekosekana kwa sababu. Aliyeniuzia mimi aliliandika neno kamili kwenye ukurasa wa tangazo, lakini kwenye kikopo chenyewe halimo. Nilimwandikia mara tatu. Alinijibu mara moja tu, kwamba chakula hakirudishwi. Pauni kumi na mbili na ushee zimekwenda, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alilenga watu wenye tatizo la kweli. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi laktosi vizuri, na sisi Waafrika wengi tumo humo, ukiacha jamii za wafugaji. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe ya kinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Mwenye tumbo hilo ashukuru. Asiye nalo asigeuzwe soko la kukamuliwa.

Kuhusu lishe sitazunguka. Krimu ya Cornwall ina karibu kilokalori 586 kwa gramu 100, na mafuta magumu yake ni karibu gramu 40. Ushauri wa NHS, huduma ya afya ya Uingereza, kwa mwanamke ni mafuta magumu yasiyozidi gramu 20 kwa siku. Kwa hiyo gramu 50, ambazo ni chini ya nusu ya kopo dogo, zimemaliza fungu la siku nzima, na kuondoa laktosi hakupunguzi hapo hata chembe. Vitamini A imo, kalsiamu ni kidogo mno, kwa sababu nayo hubaki zaidi kwenye yale majimaji. Ukitaka kalsiamu kunywa maziwa yasiyo na laktosi au ule dagaa.

Namna ya kuila sasa. Cornwall wanatanguliza jamu kisha krimu juu, Devon wanatanguliza krimu, na wanabishana kwelikweli. Kwenye hamri nafuata Cornwall, kwa sababu jamu inaikinga krimu na joto la mkate na inadumu muda mrefu zaidi bila kulegea. Kwenye kaimati, krimu iwekwe pembeni, usiimwagie juu, shira itaivuruga. Na kwa tende, tumia laini, iliyotolewa kokwa. Nafasi ya kokwa ijaze krimu baridi kutoka friji, pamoja na kipande cha lile gome, na kahawa chungu kando. Mama mkwe sasa anazitaka hizo kila Ijumaa, tatu, hazidi, na kidonge chake kiko tayari kwenye kisahani.