Ukinunua jezi, anza kukagua kifua

Haya wadau, karibuni tena. Leo niko Mwanga, hapahapa Kigoma, na mezani nina jezi mbili nyekundu. Kola na mishono viko sawa kote, sitakaa hapo. Nataka tuangalie kifua, pale linapokaa jina la mdhamini.

Hii ya kwanza, sogeza kamera, herufi zimebandikwa kwa joto. Pitisha kidole, utagusa ukingo wake. Jua la saa nane hapa mnalijua, jasho la mgongoni linapata pa kutokea, la kifuani linabaki hapo chini ya plastiki. Na tayari zinapasuka. Klabu siitaji, hii ni kopi ya mtaani, haikutoka kwao. Kama unayo, ifue ukiwa umeigeuza, na pasi isiguse maandishi.

Ya pili sasa. Hapa rangi imeingia kwenye uzi wenyewe. Poliesta inakandamizwa kwa joto la karibu nyuzi 200, rangi inageuka mvuke na kuzama ndani. Kinachonifurahisha ni kwamba mashine ya kuchapa hivi haina rangi nyeupe. Kwa hiyo haya maandishi meupe si wino hata kidogo, ni kitambaa kilichoachwa kilivyo, wekundu ukapigwa pembeni. Kitabanduka nini? Ukiigeuza, ndani unakuta imepauka. Hicho ndicho kipimo chako pale sokoni.

Mdhamini anakutajia pia umri wa jezi. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2021 ilipopigwa hapa Uwanja wa Lake Tanganyika, watani wote wawili, Simba na Yanga, walikuwa na SportPesa, kampuni ya kubashiri, tangu 2017. Mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet, nayo ya kubashiri. Ukiuziwa Simba ya SportPesa eti ya msimu huu, cheka kidogo, halafu omba punguzo. Ila ile ya Visit Tanzania, waliyomfungia Al Ahly 1-0 Februari 2021, ukiipata halisi itunze. Yanga mtanisamehe.

Saizi za watoto, hapa nina neno. Uingereza jezi ya mtoto haiwekwi tangazo la kamari. Klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana Aprili 2023 kuliondoa kifuani hata kwa wakubwa, ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mkononi wameliacha, wajanja hao! Huku kwetu mtoto wa darasa la pili anapita na jina la kampuni ya kubashiri kifua kizima, na sisi tunampiga picha. Mimi wa kwangu namnunulia yenye kifua kitupu, na haimchomi kwa joto.

Kwa hiyo ya pili, chukua. Ya kwanza, labda ya mazoezi, tena bei iwe ya kutupa. Jezi ya Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, mmeniomba wengi, nitaileta nikipata muuzaji anayeniruhusu kuigeuza kabla sijalipa.